Bastola ya kubeba ndani ya dera: angalia mpini kwanza, udogo baadae

Dada mmoja Mtanzania anaeishi Houston, Texas, ameniandikia ujumbe mrefu, naufupisha. Ana miaka 41, urefu futi 5 na inchi 2, ana grini kadi, na ana duka la vyakula vya nyumbani, unga wa sembe, dagaa, mchele, na vitenge pembeni. Anafunga saa 3 usiku, mara nyingi peke yake, anatembea na mauzo ya siku mpaka kwenye gari. Ameshatoa adivansi ya bastola ndogo kabisa ya .380 (hiyo ni saizi ya risasi) kwa sababu muuzaji alimwambia hii ndo ya kina mama, inaingia hata kwenye pochi. Akaenda nayo renji, yaani uwanja wa kulengea shabaha, akapiga risasi 12, mkono ukawaka moto na nusu ya risasi hazikugusa hata karatasi. Binamu yake anamwambia aachane nayo achukue Glock 19. Muuzaji kampa mpaka Jumamosi abadilishe akitaka. Swali lake ni hili: kaka, kati ya hiyo ndogo na hiyo ya binamu, saizi yangu ni ipi, na mimi navaa dera karibu kila siku?

Dada yangu, kwanza nikutoe wasiwasi kwenye jambo moja, ule mkono kuuma sio kwa sababu wewe ni mwanamke au huna nguvu. Nimefundisha wanaume wenye vifua vya kunyanyua vyuma na bastola za saizi ile zimewauma vile vile. Neno "ya kina mama" limeuza bastola nyingi ndogo kwa watu ambao hawajawahi kushika silaha, na hapo ndo kosa lilipo, kwa sababu bastola ndogo kabisa ndo ngumu kuliko zote kupiga. Ni silaha ya mtu mzoefu anaetaka kitu cha kuweka mfukoni siku ambayo hawezi kubeba kubwa. Mtu anaeanza anapewa kitu cha mwisho kwenye ngazi.

Sababu zake ni za kawaida tu. Risasi inapotoka mbele, bastola inarudi nyuma, na kinachomeza lile teke ni uzito wa bastola yenyewe. Chukua mfano wa Ruger LCP ya 2008, ina gramu kama 270 bila risasi, na ukiweka pembeni Glock 19 yenye magazini tupu (kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini) unapata gramu kama 670. Kwa hiyo hata kama risasi ya .380 ni dhaifu kidogo kuliko ya 9mm, kwenye kale kadude kepesi teke lote linakuja kiganjani. Alafu mpini wenyewe mfupi, vidole viwili ndo vinashika, kidole kidogo kinaning'inia hewani, na kile kidole watu wanakidharau lakini ukikitoa kwenye mshiko mkono mzima unalegea, bastola inazunguka kila ukipiga na inabidi ujipange upya kabla ya risasi ya pili. Hapo ndo nusu ya risasi zako zilipoishia.

Kuna na suala la saiti, vile vialama viwili vya kulengea juu ya bastola. Umbali kati ya saiti ya nyuma na ya mbele ukiwa sentimita 10 tu, ukikosea kuzipanga kwa milimita 1, kwenye shabaha iliyo mita 7 umekosea sentimita 7. Umbali huo wa saiti ukiwa sentimita 15, kosa lile lile linakuwa kama sentimita 4 na nusu. Jicho ni lile lile na mkono ni ule ule, bastola ndo inakukuzia kosa. Mtutu mfupi nao una mlipuko mkali zaidi usoni, kelele zaidi, na risasi inatoka na mwendo mdogo zaidi, kwa hiyo zile risasi zenye tundu kichwani ambazo kazi yake ni kufunguka zikigonga, kwenye mtutu mfupi sana wakati mwingine hazifunguki.

Sasa tuje kwa binamu. Binamu hajakosea, Glock 19 ni bastola nzuri sana, imetoka 1988 na mpaka leo ndo kipimo ambacho watu wanapimia nyingine zote za daraja la kati. Mtutu milimita 102, risasi 15 kwenye magazini, urefu wa kwenda juu milimita 128 ukihesabu na magazini. Ikijaa risasi inafika gramu 850 hivi. Ni kubwa ya kutosha kupigika vizuri na ndogo ya kutosha kufichika kwa mtu anaevaa suruali ya jinsi, mkanda mgumu na shati la kuachia. Ila binamu anakujibu kwa mwili wake na nguo zake. Wewe huna mkanda, dada. Dera halina kiuno, na Glock 19 ni nene, milimita 32 hadi 34 kutegemea toleo.

Hapa kuna kitu wengi hawakijui na ndo kiini cha jibu langu. Watu wakitaka kuficha bastola wanaangalia urefu wa mtutu, wakati mtutu unashuka ndani ya nguo, chini ya kiuno, haumsumbui mtu. Kinachojichora kwenye nguo ni MPINI, kwa sababu mpini umekaa juu ya kiuno na unachongoka kwenda nje. Na mpini huo huo ndo unaokupa uwezo wa kupiga. Ukiufupisha umeficha vizuri lakini unapiga vibaya, ukiurefusha unapiga vizuri lakini unajichora. Kuchagua saizi ya bastola ya kubeba kwa siri ni kutafuta mpini mrefu kuliko wote ambao nguo zako za kila siku zinaweza kuuficha, basi. Mtutu mrefu kidogo hata unasaidia, unalalia chini na kuuzuia mpini usipinduke kwenda nje.

Bahati nzuri miaka ya karibuni viwanda vimelijaza pengo la katikati. Zamani chaguo lilikuwa bastola nene iliyofupishwa mpini kiwandani, kama Glock 26 ya katikati ya miaka ya 90, risasi 10 lakini bado nene. Mwaka 2018 kampuni ya SIG wakatoa P365, unene inchi 1 tu na bado inameza risasi 10, hapo soko lote likageuka. Baada yake 2019 ikaja P365XL yenye mpini mrefu kidogo na risasi 12, Glock wakatoa 43X ambayo mpini wake una urefu ule ule wa Glock 19, milimita 128, lakini imekonda mpaka milimita 28 na inabeba 10, na Springfield wakatoa Hellcat. Smith & Wesson wakaja na Shield Plus 2021. Hizi ndo za kuangalia kwa mtu kama wewe. Kidole kidogo kinapata pa kukaa, unene unafichika, uzito uko katikati. Kati yake mimi kwako ningeanza kujaribu P365XL na Shield Plus, alafu 43X, kwa mpangilio huo, kwa sababu ya mikono midogo. Ila neno langu sio mwisho, mkono wako ndo mwisho.

Na mkono unapimwa hivi. Hakikisha kwanza kwa macho na kwa kidole kwamba chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, ni tupu na magazini imetoka, elekeza mtutu upande salama, alafu shika bastola ile nyama kati ya dole gumba na kidole cha shahada ikae juu kabisa nyuma ya mpini, mtutu uwe umenyooka na mfupa wa mkono wako. Sasa peleka kidole cha shahada kwenye traiga, kile cha kufyatulia, bila kuzungusha mshiko. Ikifika ile nyama laini ya ncha ya kidole katikati ya traiga, saizi iko sawa. Ikibidi uzungushe mkono ili ufike, mpini ni mnene mno kwako, na utakuwa unapiga pembeni maisha yako yote. Kidole kikipitiliza mpaka kwenye kiungo cha pili, mpini mdogo mno. Hili linachukua sekunde 10 na halihitaji hata kununua risasi.

Kipimo cha pili ni kukoki, yaani kuvuta nyuma slaidi, kile kipande cha juu cha bastola, ili risasi iingie. Hapa ndo watu wanashangaa, bastola ndogo mara nyingi ni NGUMU zaidi kukoki kuliko kubwa, kwa sababu slaidi ni fupi na nyepesi kwa hiyo springi inawekwa kali, na pa kushika ni padogo. Usikoki kwa kuvuta na vidole viwili kama unafungua zipu. Ilete bastola karibu na kifua, mtutu bado uangalie mbele, shika slaidi kwa kiganja kizima, alafu huku unavuta slaidi nyuma, mkono wa mpini usukume mbele. Rudia mara 10 mfululizo. Ukifika ya 7 umechoka, hiyo sio bastola yako kwa sasa. Kwa watu wenye shida ya viungo au vifundo vya mikono kuna Shield EZ ya Smith & Wesson, ya .380 ilitoka 2018 na ya 9mm ikafuata, imetengenezwa makusudi slaidi iwe laini, risasi 8. Ile .380 uliyoichukia kwenye kabastola ka mfukoni, kwenye bastola ya saizi ile inakuwa laini kabisa, utadhani sio risasi ile ile.

Kipimo cha tatu ni sahani ya karatasi, zile za kulia pilau kwenye shughuli. Ibandike yadi 5, piga risasi 5 polepole, zote ziwe ndani. Alafu 5 tena kwa mwendo wa risasi moja kila sekunde. Bastola ambayo risasi zako zinabaki kwenye sahani hata ukiharakisha, hiyo ndo saizi yako, hata kama ina sentimita 2 zaidi ya ulivyotaka. Renji nyingi za Houston zinakodisha bastola, lipia saa moja ujaribu tatu. Na risasi za 9mm kwa kawaida ni nafuu kuliko za .380, mazoezi ya mwaka mzima yatakuonyesha tofauti.

Revolva ndogo za risasi 5 najua nazo utaambiwa, kwamba hazigomi na hazina mambo ya kukoki. Ni kweli hazina mambo mengi, lakini traiga yake ni nzito, zaidi ya mara mbili ya Glock, na zile nyepesi zinapiga teke baya sana. Mimi simpi mwanafunzi mpya.

Haya, dera. Pochi naomba uifute kabisa kichwani. Mwizi anachovuta kwanza ni pochi, na akiivuta umempa hela na silaha kwa mkupuo mmoja. Pochi unaiweka kwenye kaunta, kwenye kiti cha gari, kwenye zulia msikitini au kwenye benchi kanisani, na watoto wa kwetu wakitafuta pipi wanaingiza mkono kwenye pochi ya mama au ya shangazi, hawaulizi. Texas ukizembea ukaacha silaha yenye risasi mahali, na mtoto chini ya miaka 17 akaifikia, ni kosa la jinai, lakini hata isingekuwa kosa, hebu fikiria tu.

Bastola ikae mwilini. Kwa mtu asiyevaa mkanda kuna mikanda maalum inayovaliwa ndani, juu ya nguo ya ndani, yenyewe inajitegemea na ina bamba la kufungia holsta (ala ya bastola) ya plastiki ngumu, PHLster Enigma ndo maarufu zaidi. Juu unavaa skintaiti kama umezoea, alafu dera lako juu. Mikanda laini ya tumbo ya lastiki iko rahisi zaidi lakini ile isiyo na plastiki ngumu inayofunika traiga mimi siikubali hata kwa bure, kitambaa kinaweza kuingia kwenye traiga, na bastola hizi ninazokutajia matoleo mengi hayana sefti ya mkono, kile kitufe cha kuifunga isipige. Jiwekee sharti moja: traiga ifunikwe na kitu kigumu muda wote ambao bastola haiko mkononi kwa kazi.

Tabu ya dera ni kuifikia bastola. Lazima upandishe nguo kwa mkono mmoja mpaka kifuani na utoe kwa mwingine, inachukua muda, na ukiwa na fuko la hela mkononi hujui uache lipi. Fundi wa nguo anaweza kukuwekea mpasuo pembeni, kama ule wa mfuko wa kanzu, ukaingiza mkono moja kwa moja. Nimeona kina mama wawili watatu wamefanya hivyo na inafanya kazi vizuri, ila lazima uufanyie mazoezi bastola ikiwa tupu, mara nyingi mpaka mkono uzoee. Kwa habari ya kujificha, dera lenyewe ni neema, limeachia, halibani. Kitenge chenye maua makubwa au michoro mingi kinapoteza umbo kabisa, jicho linafuata michoro. Satini ya rangi moja, hasa nyeupe au kijivu, inaonyesha kila pembe.

Alafu kazi yako ina kuinama. Ukibeba bastola nyuma ya nyonga, ukiinama kuinua mfuko wa mchele mpini unachomoza mgongoni kama kigingi, mteja wa nyuma anakiona. Mbele kidogo ya nyonga, upande wa kulia wa tumbo, kuinama kunakuficha badala ya kukuanika, ila ukikaa kwenye gari bastola yenye mtutu mrefu itakuchoma kwenye paja, kwa hiyo kaa nayo kwenye kiti cha gari kabla hujaamua, ikiwa tupu. Na kuna salamu zetu, sisi tunakumbatiana. Mgeni akikukumbatia anagusa mbavu na kiuno, sio tumbo, jifunze kugeuza bega kidogo. Chooni bastola ibaki kwenye holsta, usiitoe ukaiweka juu ya tanki la maji, watu wamezisahau huko.

La uhamiaji nisilipite ingawa hukuuliza, kwa sababu watakaosoma wengine wana karatasi tofauti na zako. Wewe wa grini kadi sheria ya Marekani inakuruhusu kununua, utajaza fomu 4473, ile ya serikali ya kununulia silaha, na utaandika namba yako ya uhamiaji. Mtu wa viza ya muda, mwanafunzi, mtalii, wa kazi, kwa kawaida haruhusiwi hata kumiliki risasi, kuna misamaha michache kama leseni ya uwindaji. Asiye na karatasi haruhusiwi kabisa. Na hata wewe wa grini kadi, kosa la silaha linaweza kukurudisha nyumbani, kwa hiyo usimshikie mtu bastola yake, usimnunulie mtu kwa jina lako, hata awe ndugu wa damu.

Texas tangu tarehe 1 Septemba 2021 mtu anaeruhusiwa kumiliki anaweza kubeba bila leseni, lakini chukua leseni. Sheria ya nchi nzima inakataza silaha ndani ya futi 1000 za shule, na wenye leseni ya jimbo hilo ndo wanasamehewa, sasa mjini Houston utaendesha gari wapi usipite karibu na shule? Mtihani wake wa kupiga ni risasi 50, yadi 3, 7 na 15, unatakiwa alama 175 kati ya 250. Ukipita ule mtihani na bastola utakayoibeba kweli, sio ya kuazima, unapata jibu lingine la saizi. Leseni hiyo haikufuati kila jimbo, na ukienda likizo Dar silaha inabaki imefungiwa kwenye sefu Houston.

Na usiku ule kwenye gari, dada yangu, mtu akitaka fuko la mauzo mpe fuko. Bastola ni ya pale ambapo umeshatoa hela na bado anakutaka wewe. Funga duka mkiwa wawili kama inawezekana, sogeza gari karibu na mlango kabla giza halijaingia, hela nyingine iende benki mchana. Nakuambia hivi kama ningemwambia dada yangu wa tumbo moja.

Kwa hiyo Jumamosi, ile ya adivansi badilisha. Nenda renji mapema kabla ya dukani, kodi P365XL, Shield Plus na 43X, na ukipata nafasi Glock 19 ya binamu pia ili roho itulie. Fanya vile vipimo vitatu, andika kwenye simu kila bastola imekupa nini. Ukifika dukani vaa dera lako la kawaida la kazini na skintaiti ndani, usiende na jinsi. Waombe wakujaribishe kwenye holsta bastola ikiwa tupu, uiname, ukae, unyooshe mkono juu kama unashusha kopo la maziwa kwenye shelfu. Kati ya zile zilizobaki kwenye sahani, chukua yenye mpini mrefu zaidi ambao dera limeuficha, na hela inayobaki nunua holsta nzuri na maboksi ya risasi za mazoezi, magazini ya ziada itasubiri mwezi ujao. Ukishajua ni ipi niandikie upate siku, nikufundishe kuitoa kwenye ule mpasuo wa dera kabla hujaanza kuibeba ikiwa na risasi.